Tulivyopiga kura ya chama kiwandani kwetu cha mbao, na kilichotuangusha mara ya kwanza

Mpokea Mbao (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mdogo wangu ameajiriwa kwenye kiwanda cha kupasua mbao hapa Marekani. Wiki hii amepewa kadi ya chama cha wafanyakazi mkononi, akanipigia kuniuliza ni ya nini na kama akiisaini atafukuzwa. Tumeongea hadi usiku. Nimeona niyaandike hapa yote, maana wapo wenzetu wengine kwenye mashine hizo ambao hawana wa kumuuliza.

Mimi nimesimama miaka tisa kwenye mnyororo wa mbao mbichi. Kwa asiyeujua: gogo likishamenywa gome linaingia kwenye msumeno mkuu, vipande vinapita kwenye misumeno ya kunyoosha kingo na ya kukata urefu, kisha vinashuka kwenye mnyororo mrefu usiosimama. Kazi yako ni kuvuta kila ubao kwa kipimo na daraja lake na kuupanga kwenye rundo lake. Ubao mbichi umejaa maji, ni mzito, na mnyororo haukungoji. Aliye juu akipasua kwa kasi, wewe wa chini unalipa kwa mgongo.

Katika kiwanda hicho nimepitia kura mbili za chama. Ya kwanza tulishindwa, ya pili tukashinda. Sheria haikubadilika, mwajiri hakubadilika, hata misumeno ilikuwa ile ile. Tulichobadilisha ni namna tulivyoongea sisi kwa sisi kabla ya siku ya kura.

Nianze na sheria. Mwaka 1935, tarehe 5 Julai, Rais Franklin Roosevelt alisaini Sheria ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi. Wengi huiita sheria ya Wagner, kwa jina la seneta wa New York aliyeipigania. Ndiyo iliyounda Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi inayosimamia kura hizi mpaka leo. Kadi ni kibali chako kwamba unataka chama fulani kikuwakilishe. Kadi zikifika asilimia 30 ya wafanyakazi wa kundi linalohusika, Bodi inaweza kuitisha kura. Kadi zinakwenda Bodi, na Bodi haimwonyeshi mwajiri nani amesaini.

Sasa sikilizeni kosa letu. Mara ya kwanza tulikusanya kadi zilizozidi nusu kidogo, tukashangilia kama tumeshamaliza. Nyingi tulizipata kwenye maegesho, mtu amechoka, anataka kwenda nyumbani, anasaini ili umwachie njia. Mtu wa namna hiyo hajakuahidi kitu. Wiki mbili za vikao vya mwajiri zikamtosha kugeuka, nasi hatukujua kwa sababu hatukurudi kumuuliza.

Kingine, ushindi ni zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, siyo ya majina yaliyo kwenye orodha. Kiwanda kikiwa na watu 120 na wakapiga 80, basi 41 wanawaamulia wote. Zikiwa sawa kwa sawa, chama kimeshindwa. Sisi tulishindwa kwa kura mbili. Watu watatu wa tanuri la kukaushia mbao, ambao tuliwajua kuwa ni wetu, walikuwa wamelala nyumbani baada ya zamu ya usiku. Hakuna aliyewaambia saa za sanduku. Hilo linaniuma hadi leo, maana mmoja wao ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniambia habari za chama.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyojua.

Fundi wa Nyaya

Mkuu asante kwa uzi huu. Mimi ni fundi umeme wa kiwanda cha mbao. Hapa kwetu wapo wanaosema mafundi tuna kura yetu peke yetu, tusichanganywe na wa mnyororo. Ukweli ni upi?

Mpokea Mbao

Fundi, swali lako ni zito kuliko linavyoonekana. Kabla ya kura lazima ijulikane kundi ni lipi: nani anapiga, nani hapigi. Bodi inaangalia kama watu wana maslahi ya pamoja: malipo yao, msimamizi wao, saa zao, kama wanabadilishana kazi, kama kazi ya mmoja inategemea ya mwingine. Mwajiri na chama wakikubaliana, yanaisha. Wasipokubaliana, kunakuwa na kikao cha Bodi cha kusikiliza pande zote.

Kuhusu mafundi kuna historia inayohusu mbao moja kwa moja. Kati ya mwaka 1948 na 1950 Bodi iliiweka sekta ya mbao pamoja na chuma, alumini na usagaji wa mahindi kwa maji. Ilisema katika sekta hizo kazi zimefungamana mno, kwa hiyo mafundi wasichomolewe kutoka kundi la kiwanda kizima na kupewa chama chao. Uamuzi wa mbao ulitolewa mwaka 1949 katika shauri la Weyerhaeuser, kampuni ya mbao. Mwaka 1966 Bodi iliiacha kanuni hiyo ngumu, ikasema kila shauri litatazamwa kwa mazingira yake. Kwa hiyo leo fundi anaweza kudai kundi lake, lakini itabidi aonyeshe sababu.

Mimi rai yangu ni moja, na nitaisema wazi: kaeni pamoja. Umeme ukikatika mnyororo unalala, na mnyororo ukilala wewe ndiye unayeitwa saa nane usiku. Mwajiri anapotaka kundi lipanuliwe au lipunguzwe, ujue amehesabu kura. Nanyi hesabuni.

Wasioingia kabisa ni wasimamizi. Tangu sheria ya 1935 ilipofanyiwa marekebisho ya Taft-Hartley mwaka 1947, mwenye mamlaka ya kweli ya kuajiri, kufukuza, kuadhibu au kupanga watu kazi kwa uamuzi wake mwenyewe hamo. Walinzi nao hawachanganywi na wengine. Shida huwa kwa kiongozi wa zamu: anavuta mbao kama sisi lakini ndiye anayeshika karatasi ya mahudhurio. Siku ya kura upande wowote unaweza kupinga haki yake ya kupiga. Hapo kura yake inawekwa kwenye bahasha peke yake, inafunguliwa tu kama idadi ya kura za namna hiyo inaweza kubadilisha matokeo. Kwetu walikuwa wawili, na mara ya pili hazikuhitajika.

Mgeni Zamu ya Pili

Samahani wakuu, swali fupi. Mimi siyo raia. Naruhusiwa kupiga?

Mpokea Mbao

Ndugu, unaruhusiwa. Hii siyo kura ya kuchagua serikali. Ukiwa mfanyakazi wa kundi hilo na jina lako likawa kwenye orodha ya waliostahili, unapiga. Na kama Kiingereza kinakupa shida, Bodi inaweza kuombwa itoe tangazo na karatasi ya kura kwa lugha nyingine, ila ombi lifike mapema. Msingoje wiki ya mwisho.

Dada wa Randa

Mume wangu na mimi tuko kiwanda kimoja, yeye kwenye msumeno mkuu, mimi kwenye mashine ya randa. Jana tuliitwa wote kantini, tukaambiwa chama kikiingia kiwanda kitafungwa. Tuna watoto watatu kaka. Wanaruhusiwa kusema hivyo? Na kama ni kweli?

Mpokea Mbao

Dada, pole. Nitajibu maswali yako mawili tofauti, maana sisi tuliyachanganya na ndiyo yaliyotuangusha.

La kwanza, la sheria. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Gissel, ilitenganisha utabiri na tishio. Mwajiri anaweza kueleza anachoamini kitatokea, kama kinasimama juu ya ushahidi unaoonekana na kimo nje ya uwezo wake. Akisema "mteja wetu mkubwa amesitisha oda, hizi hapa barua", huo ni utabiri. Akisema "mkipiga ndiyo nitafunga", hilo ni tishio, na tishio ni kosa. Kwa hiyo andika leo: nani alisema, maneno gani hasa, saa ngapi, nani alikuwepo. Usiandike maoni yako, andika maneno yake. Malalamiko Bodi yana muda wa miezi sita tangu tukio.

Pia saa 24 kabla ya kura hakuna upande unaoruhusiwa kuwakusanya wafanyakazi kwa pamoja ndani ya muda wa kazi na kuwahutubia. Si mwajiri, si chama. Kanuni hiyo imetoka mwaka 1953 kwenye shauri la Peerless Plywood, nao walikuwa watu wa mbao za tabaka kama jina linavyosema.

La pili ndilo gumu: kama ni kweli. Mara ya kwanza tulipoambiwa hivyo, tuliwajibu wenzetu kwamba mwajiri anadanganya tu, msiogope. Hatukuwatendea haki. Viwanda vya mbao hufungwa kweli. Nyumba zikipungua kujengwa bei ya mbao inaanguka. Magogo yakikosekana msumeno unasimama. Huku kaskazini-magharibi watu wanakumbuka mwaka 1990, bundi wa madoadoa, ndege wa misitu hiyo, alipowekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, halafu mahakama zikazuia ukataji kwenye sehemu kubwa ya misitu ya serikali. Na kabla ya hapo mashine mpya zilikuwa zimeshapunguza watu. Mtu aliyeona baba yake akitoka getini na sanduku la zana, ukimwambia asiogope anakuona humjui.

Mara ya pili tulisema ukweli. Chama hakioteshi miti. Hakizuii mwenye mali kufunga kiwanda. Lakini penye chama, mwajiri akiamua kufunga anatakiwa kujadiliana nacho kuhusu athari zake kwa watu: malipo ya kuachishwa, bima, nani anahamishiwa wapi. Na chama kiwepo kisiwepo, sheria ya mwaka 1988 inamtaka mwajiri wa watu 100 au zaidi kutoa taarifa ya siku 60 kabla ya kufunga, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Tuliyasema hayo nyumba kwa nyumba, tukikaa na mke au mume wa mtu, maana kura ya kiwanda cha mbao huamuliwa pia na asiyefanya kazi pale. Wapo waliotuambia usoni kwamba bado watapiga hapana. Tuliwashukuru tukaondoka. Angalau tulijua hesabu yetu.

Mzee wa Magogo

Vijana, niwaongezee ya zamani, maana mnazungumza kana kwamba kura ilishuka kutoka mbinguni.

Kabla ya 1935 njia ya kupata chama kwenye mbao ilikuwa mgomo, na mgomo ulikuwa na damu. Mwaka 1917 wakata magogo na watu wa viwanda wa kaskazini-magharibi waligoma wakidai siku ya kazi ya saa nane. Marekani ilikuwa vitani, mbao za kutengenezea ndege zilihitajika, na jeshi likaingia. Kanali Brice Disque akaunda jumuiya iliyowaweka waajiri na wafanyakazi ndani ya chombo kimoja, kila mmoja akila kiapo cha uaminifu. Saa nane zilipatikana, kuanzia Machi 1918. Lakini chombo chenyewe hakikuwa cha wafanyakazi. Vyombo vya namna hiyo ndivyo vilivyofanya sheria ya 1935 imkataze mwajiri kuunda au kukitawala chama cha watu wake.

Na mtaje Bogalusa, Louisiana. Novemba 1919, kwenye mji wa kiwanda kilichotajwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani wakati huo, wafanyakazi weupe na weusi walikuwa wanajenga chama kwa pamoja. Kiongozi wa weusi, Sol Dacus, alikuwa anawindwa. Wanachama weupe wakajitokeza wenye silaha barabarani wakitembea naye ili asiguswe. Siku hiyo walinzi upande wa kampuni walishambulia ofisi ya chama na weupe wanne wakauawa. Dacus aliponea chupuchupu. Ninapoona watu wanaona uvivu kutembea hatua hamsini hadi kwenye sanduku la kura, nawakumbuka hao wanne.

Mpokea Mbao

Shikamoo mzee. Naomba uendelee na ya 1937, huwa nawaeleza vijana lakini wewe unaijua zaidi.

Mzee wa Magogo

Marahaba. Kwa ufupi basi. Mgomo mkubwa wa 1935 ulifanyika chini ya chama cha maseremala. Watu wa viwandani na misituni wakaona maseremala wanawachukulia kama wanachama wa daraja la pili, wenye michango bila sauti. Mwaka 1937 wengi wakajitoa wakaunda chama chao cha kimataifa cha wafanyakazi wa mbao na kujiunga na shirikisho jipya la CIO. Rais wa kwanza alikuwa Harold Pritchett, mtu wa British Columbia, jimbo la Kanada. Maseremala wakalipiza kwa kukataa kugusa mbao zilizopasuliwa na wanachama wa chama kipya. Kwa hiyo kura nyingi za Bodi za miaka ile hazikuuliza tu chama ndiyo au hapana, ziliuliza chama kipi. Ugomvi wa ndugu uliwachosha watu kuliko mwajiri. Mtu akikwambia vyama viwili vinagombea kiwanda chako, kaa navyo vyote, uliza maswali yale yale, kisha chagueni kimoja mapema.

Hesabu Zangu

Mimi nitakuwa mkweli, siungi mkono. Nilikuwa kwenye chama kiwanda cha awali. Michango ilikatwa kila mwezi, mwakilishi tulimwona wakati wa uchaguzi wake tu. Mnawaambia watu raha tupu.

Mpokea Mbao

Ndugu, sijasema raha tupu, na ninachukua maneno yako kwa uzito kwa sababu yametoka kwa mtu aliyelipa. Mwakilishi asiyeonekana ni kosa, na dawa yake iko mikononi mwa wanachama: wanamchagua, wanaweza kumwondoa. Wakishindwa kabisa, sheria inawaruhusu kuomba kura ya kukiondoa chama, kwa asilimia 30 zile zile, ila siyo ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuthibitishwa, wala katikati ya mkataba ulio hai wa hadi miaka mitatu, isipokuwa kwenye dirisha dogo karibu na mwisho wake.

Michango: kuna majimbo ambako mkataba hauwezi kukulazimisha kulipa ili ubaki kazini. Ile sheria ya Taft-Hartley ya 1947 iliyaruhusu, na mengi ya kusini yenye viwanda vingi vya mbao ni ya aina hiyo. Hata usipolipa chama kinawajibika kukuwakilisha kwa haki.

Kubwa zaidi, na hili mdogo wangu hakulijua: kushinda kura hakukupi hata senti moja. Kunakupa kiti mezani. Mwajiri anatakiwa kujadiliana kwa nia njema, lakini sheria haimlazimishi kukubali pendekezo wala kulegeza lolote. Mkataba wetu wa kwanza wa hali bora ulichukua zaidi ya mwaka. Katikati ya huo mwaka nilisikia maneno yako hayo hayo, "iko wapi faida?", kutoka kwa watu niliowabembeleza wapige ndiyo. Sikuwa na la kuwajibu ila kuwaonyesha karatasi za kikao cha jana.

Tulichopata hakikuanza na mshahara. Kipengele cha kwanza kusainiwa ni kwamba hakuna anayeamriwa kuchomoa ubao uliokwama kabla mashine haijazimwa na kufungwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa anayeingia. Kanuni ya serikali kuhusu kufunga mashine ipo tangu 1989, lakini kwetu ilikuwa bango ukutani. Kijana wa misumeno ya urefu alikuwa amepoteza vidole vitatu akiwahi kabla rundo halijajaa. Sasa mtu anaweza kukataa na kuna utaratibu wa kumlinda. Baadaye likaja la mtu wa pili kwenye mnyororo pale mbao nene zinapopasuliwa, na la vumbi. Vumbi la mbao lilitangazwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa linasababisha saratani kwa binadamu, mwaka 1995. Kwetu lilikuwa linapulizwa kwa mpira wa upepo.

Hesabu Zangu

Hilo la kufuli nimelipenda. Kule kwetu hata hilo hatukuwa nalo kwenye mkataba. Sijabadili msimamo, lakini nimekuelewa mkuu.

Mkaazi wa BC

Huku British Columbia tangu 2022 kadi zikifika asilimia 55 chama kinathibitishwa bila kura. Zikiwa kati ya 45 na 55 ndipo watu wanapiga. Nadhani ni bora, hakuna wiki za kutishwa.

Mpokea Mbao

Ningependa iwe hivyo huku pia. Ila kadi za maegesho zingetudanganya vile vile mkuu, maana baada ya kuthibitishwa unawahitaji watu hao hao wakati wa majadiliano.

Fundi wa Nyaya

Mleta mada, mwisho: mtu akifukuzwa kwa sababu ya chama inakuwaje? Na tunaruhusiwa kuongelea kazini?

Mpokea Mbao

Wakati wa mapumziko, kabla na baada ya zamu, mnaruhusiwa kuongea na kuwaombea kadi wenzenu hata ndani ya eneo la kiwanda. Karatasi za chama gaweni mahali pasipo pa kazi, kama kantini na maegesho. Msiongee mashine ikizunguka. Siyo sheria tu, ni vidole vyenu.

Kufukuzwa kwa sababu ya chama ni kosa, na Bodi inaweza kuamuru urudishwe na ulipwe mishahara uliyokosa, ikitolewa uliyopata kwingine. Lakini inachukua muda mrefu, na kodi ya nyumba haingoji. Simfichi mtu hilo. Kwetu tuliweka mfuko kabla ya kukusanya kadi ya kwanza, kila mmoja akichangia alichoweza, ili atakayetolewa asilale njaa. Hatukuutumia, lakini nadhani kuwepo kwake ndiko kulikowafanya wengine wasaini kwa moyo.

Dada wa Randa

Nimeandika yale maneno ya kantini kama ulivyosema, na mashahidi wawili. Mdogo wako amesaini?

Mpokea Mbao

Bado. Ameniambia anataka kwanza kuongea na wale wa tanuri, kwa sababu hakuna aliyewafikia. Leo atabaki getini baada ya zamu yake, awakute wakiingia.